Ruta mbili katika nyumba moja: walio ghorofani hawaioni printa iliyo sebuleni

Mama Watatu aliuliza:

Hamjambo nyote. Ninaishi Buruburu katika nyumba ya ghorofa moja, sebule na jikoni zikiwa chini na vyumba vitatu vya kulala vikiwa juu. Nyuma ya nyumba tumeongeza chumba cha mabati ambacho tumempangisha kijana mmoja. Tumeunganishiwa intaneti ya faiba ya megabiti 20 kwa sekunde. Fundi aliyeileta alitoboa ukuta karibu na runinga, akaiacha ruta nyuma ya runinga hiyo, akaenda zake kabla sijamuuliza iwapo mahali hapo panafaa.

Jana usiku nilihesabu vifaa vinavyoitegemea ruta hiyo nikapata 13: simu sita, vipakatalishi viwili, kishikwambi kimoja cha watoto, runinga, printa, na kamera mbili za langoni. Kwa kuwa waifai ilikuwa hafifu ghorofani, nilinunua ruta ya pili katika barabara ya Luthuli, nikapitisha kebo kwenye ngazi hadi juu, na kama muuzaji alivyonielekeza, nikaichomeka katika tundu lililoandikwa WAN. Mwanzoni haikutoa intaneti hata kidogo. Nilimpigia simu, akaniambia kwamba ruta zote mbili zilikuwa na anwani 192.168.1.1 na zilikuwa zikigongana, hivyo nikaibadilisha ya juu kuwa 192.168.0.1, na kweli intaneti ikaja.

Sasa mtandao wa juu una nguvu, lakini kipakatalishi cha mume wangu kikiwa ghorofani hakiioni printa iliyo sebuleni, na watoto hawawezi kuirushia runinga video kutoka kwenye simu wakiwa kwenye waifai ya juu. Jambo la pili ni kwamba kuanzia saa moja jioni mikutano ya mume wangu ya video hukatikakatika, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, ilhali nikipima kasi napata megabiti 19 za kupakua na 5 za kupakia. Nilipoipigia kampuni simu, nilishauriwa nipande hadi kifurushi cha bei ya juu. Je, ndivyo?

Fundi wa Nyaya alijibu:

Mama Watatu, pole kwa usumbufu. Kabla hujaongeza hata shilingi moja, tutenganishe mambo mawili uliyoyaeleza pamoja. Shida ya printa na runinga ina chanzo kimoja, na shida ya mikutano ina chanzo kingine kabisa, wala hakuna kati ya hizo inayotokana na uchache wa megabiti za kupakua.

Nianze na printa. Shule huwa na sanduku moja tu la posta. Barua za wanafunzi wote huja kwa nambari hiyo moja, na ofisi ndiyo inayojua ipi ipelekwe bweni gani. Ruta yako hufanya kazi ya ofisi hiyo. Kampuni huipa anwani moja ya kuelekea nje, nayo hukigawia kila kifaa cha nyumbani anwani ya ndani, mara nyingi ikianza na 192.168. Nambari hizo zimetengewa mitandao ya ndani, ndiyo maana jirani yako anaweza kuzitumia zizo hizo na msigongane. Simu inapoomba ukurasa, ruta huandika katika jedwali lake nani kaomba nini, huibadilisha anwani ya ndani kuwa ile ya nje, na jibu likirudi hulifikisha kwa mwenyewe. Kule kubadilisha anwani huitwa NAT, na kule kuzigawa huitwa DHCP.

Ulipochomeka kebo katika tundu la WAN, yaani la kupokelea intaneti kutoka nje, ulifungua ofisi ya pili ndani ya shule hiyo hiyo. Ruta ya juu inaamini kwamba ruta ya sebuleni ni ulimwengu wa nje, kwa hiyo imejenga mtandao wake na kuufungia mlango. Kipakatalishi kinapotafuta printa hupaza sauti kwa kila kifaa kilicho katika mtandao wake, na sauti hiyo haivuki ruta. Runinga nayo hutafutwa kwa njia hiyo hiyo. Hata leo ukiiandika anwani ya printa kwa nambari katika kipakatalishi kilicho juu huenda ikachapa, kwa kuwa kutoka ndani kwenda nje kunaruhusiwa, lakini kuitafuta kwa jina hakutafua dafu. Muuzaji hakukudanganya kuhusu kugongana, kwa maana ruta haiwezi kufanya kazi ikiwa pande zake zote mbili zina nambari za mtandao mmoja. Alichofanya ni kushusha homa na kuyaacha malaria.

Dawa yake ni kuivua ruta ya juu kazi ya ofisi, ibaki kuwa kituo cha kurushia waifai tu. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa namna hiyo unaoitwa Access Point, na ukiuona uchague, kazi itakuwa imekwisha. Usipouona, fanya kwa mkono, na tafadhali ufuate utaratibu huu bila kuuvuruga. Kwanza chomoa kebo inayotoka chini, kisha unganisha kipakatalishi na ruta ya juu kwa waya. Ingia katika mipangilio yake na uibadilishe anwani yake iwe 192.168.1.2, ili iwe katika familia moja na ile ya sebuleni. Hakikisha katika ruta ya sebuleni kwamba nambari hiyo haimo katika fungu linalogawiwa vifaa. Mafungu mengine huanzia 100, mengine huanzia 2, na likianzia 2 lisogeze lianzie mbele kidogo. Ingia tena kwa anwani mpya, weka jina la waifai na neno la siri sawa na vya ruta ya chini, na mwisho kabisa uzime DHCP. Baada ya hapo chukua kebo itokayo chini uichomeke katika tundu lolote la LAN, yaani la vifaa vya ndani, na tundu la WAN ulisahau. Nyumba nzima itakuwa mtandao mmoja unaogawiwa anwani na ofisi moja.

Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ruta ya chini iweke kwenye chaneli 1 na ya juu kwenye 6 au 11. Chaneli hizo tatu ndizo zisizoingiliana, na mtu anayechagua 3 au 4 akidhani amejitenga huwa amejiweka katikati ya kelele za majirani wawili. Gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta wa mawe, na nyumba za Buruburu zimejengwa kwa mawe hasa, si mbao. Sakafu ya zege yenye nondo kati ya sebule na vyumba vya juu ni kikwazo kikubwa kuliko kuta. Kwa sababu hiyo ulifanya vyema kupitisha kebo badala ya kutegemea hewa. Ile ruta ya sebuleni nayo uitoe nyuma ya runinga, uiweke juu ya kabati mahali palipo wazi, mbali na maikrowevu, kwa sababu maikrowevu hutumia masafa ya karibu na hayo ya gigahezi 2.4.

Kebo yenyewe isikutie wasiwasi, kwani inaruhusiwa kufika mita 100 na ngazi yako haifiki hata 15. Iangalie tu iwe ya shaba tupu. Luthuli huuza pia kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba, ambazo huwa nyepesi mkononi na hukatika ndani ukizikunja kwenye kona.

Sasa mikutano. Umepima kasi ya kupakua ukaridhika, lakini mkutano wa video unahitaji pia kupakia, na hapo una megabiti 5 tu. Kamera moja ikituma picha za ubora wa juu mfululizo kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni hula megabiti 2 hivi, kwa hiyo mbili zinakula 4. Zimebaki kama 1, na mkutano huhitaji kati ya 1 na 3 kila upande. Halafu watoto wanaporudi jioni, simu zao zinaona waifai na kuanza kuhifadhi picha na video za siku nzima. Foleni ya kutoka inajaa, na ruta nyingi za bei nafuu hukusanya data hiyo yote kwenye foleni ndefu badala ya kuipa sauti ya mume wako nafasi ya kupita. Sauti ya pipa uliyoitaja ni dalili ya foleni hiyo. Jipimie mwenyewe: angalia ucheleweshaji katika milisekunde nyumba ikiwa imetulia, kisha uangalie tena simu moja ikiwa inapakia video ndefu.

Zipangie kamera zitume pale tu zinapoona kitu kikisogea, na simu zihifadhi picha usiku wa manane. Kama ruta yako ina mpangilio wa QoS, yaani wa kupanga data ipi itangulie, iambie kwamba uwezo wa kupakia ni megabiti 4.5, yaani chini kidogo ya ulio nao, ili foleni isimamiwe na ruta ambayo unaweza kuipangia kipaumbele. Kifurushi kikubwa kingeongeza nafasi, sikatai, lakini kamera zako zingeendelea kutuma barabara isiyo na mtu usiku kucha.

Jirani wa Umoja alijibu:

Fundi, kwa heshima, umemzungusha mama wa watu. Mimi nilinunua kirudishi kidogo cha waifai kinachochomekwa ukutani, nikakiweka kwenye ngazi, nikabonyeza kitufe kimoja, na tangu hapo printa inaonekana kila mahali bila nambari za 192 wala chaneli. Si kila mtu ana subira ya kufungua mipangilio.

Fundi wa Nyaya alijibu:

Jirani, kirudishi chako kinafanya kazi na sitakibeza. Nyumba isiyoruhusu kupitisha kebo, mfano za kupanga ambako mwenye nyumba hataki hata msumari, huenda isiwe na njia nyingine. Tatizo ni kwamba kirudishi chenye redio moja husikiliza na kurudia maneno yale yale katika chaneli ile ile, hivyo kila neno husemwa mara mbili na kasi hupungua hadi karibu nusu. Mama Watatu tayari amenunua ruta na amepitisha kebo, kwa hiyo kumwambia anunue kifaa cha tatu kilicho dhaifu kuliko alicho nacho sioni faida yake.

Mwalimu wa Mitandao alijibu:

Ninakubaliana na Fundi kwa yote isipokuwa jambo moja alilolipita, nalo ni yule mpangaji wa nyuma. Mama Watatu, hukusema iwapo naye hutumia intaneti yenu. Kama anaitumia, au kama unapanga kumpa, fahamu kwamba nyumba ikishakuwa mtandao mmoja, kila mwenye neno la siri anaweza kuziona printa, runinga na kamera zenu. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni unaompa mtu intaneti bila kumwonyesha vifaa vya ndani. Uufungue katika ruta ya sebuleni, usiufungue katika ile ya juu, kwa sababu ruta iliyogeuzwa kituo cha waifai, mara nyingi mtandao wake wa wageni hubaki jina tu, na anayeingia huangukia katika mtandao ule ule wa familia. Watu wengi hawalitambui jambo hili, wala mipangilio yenyewe haitoi onyo.

Vilevile usome mkataba wako na kampuni kabla ya kumtoza kijana huyo chochote, kwa maana mikataba mingi ya nyumbani hukataza kuuza intaneti kwa mtu mwingine.

Wakati uko ndani ya mipangilio, badilisha neno la siri la msimamizi katika ruta zote mbili. Lile lililochapishwa chini ya ruta, au lile la kiwandani ambalo ni sawa kwa maelfu ya ruta za aina hiyo, si siri. Kwenye usalama wa waifai chagua WPA2 au WPA3, na uzime kitufe cha WPS, kile cha kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri, hata kama ndicho kitufe alichokisifu Jirani.

Mama Watatu aliandika:

Ahsanteni sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu niliharibu kabla ya kutengeneza. Fundi aliniambia DHCP iwe mwisho, nami kwa haraka nikaizima kwanza, na papo hapo kipakatalishi kikakosa anwani na ukurasa wa mipangilio ukagoma kufunguka. Sikujua njia nyingine ila kuchukua pini na kukibonyeza kile kitufe kilichofichwa nyuma hadi taa zote zikamweka, kisha nikaanza upya. Mara ya pili nilifuata utaratibu neno kwa neno, na mtoto wangu mkubwa akinisomea kutoka kwenye simu kana kwamba ni mapishi.

Printa ilionekana ghorofani mara moja. Runinga ilikataa hadi tulipoizima na kuiwasha, nadhani ilikuwa bado imeshikilia mambo ya zamani. Siku mbili baadaye stima zilipotea kwa saa moja, na ziliporudi kipakatalishi kikasema printa haipo, ingawa ilikuwa inawaka mbele yetu. Mume wangu aligundua kwamba imepewa anwani tofauti. Tuliingia katika ruta ya sebuleni tukaiwekea printa nambari yake ya kudumu.

Kuhusu mikutano, nilipima kama mlivyosema. Nyumba ikiwa imetulia ucheleweshaji ulikuwa milisekunde 9. Watoto walipofika na simu zao, ukapanda hadi zaidi ya 400. Nilizibadilisha kamera jioni hiyo hiyo. Nilipofungua hifadhi yake nilikuta saa chungu nzima za video za paka wa jirani akiwa amelala juu ya ukuta. Ruta yetu ya kampuni haina QoS, lakini kwa kamera na simu peke yake mkutano wa jana ulikwisha bila mtu kuuliza "unanisikia?" hata mara moja. Mpangaji nimemfungulia mtandao wa wageni sebuleni. Anasema chumbani mwake unafika hafifu, na nadhani ni yale mabati.

Swali langu la mwisho: stima zikipotea, simu zetu huwa na chaji na vipakatalishi pia, lakini intaneti hufa pamoja na taa. Nimeona mtandaoni vibetri vidogo vya ruta. Je, vinasaidia, au ni pesa za kutupa?

Fundi wa Nyaya alijibu:

Vinasaidia, ila ununue ukiwa na vibandiko vya chaja zako mkononi. Angalia kwenye chaja ya kila kifaa imeandikwa volti ngapi na ampea ngapi. Ruta nyingi hutumia volti 12, lakini zipo za volti 9 na volti 5, na ukiipa ya 9 volti 12 unaweza kuiunguza. Ampea za kibetri zinaweza kuzidi zile za kifaa bila madhara, ila zisiwe pungufu. Angalia pia umbo la kichwa cha waya na alama ya upande chanya. Usisahau kwamba katika nyumba nyingine faiba huingia kwanza katika kisanduku chake chenyewe kabla ya kufika kwenye ruta, na kisanduku hicho nacho kinahitaji umeme. Kwako unazo ruta mbili, kwa hiyo huenda ukahitaji matundu matatu ya kutolea umeme, au uiache ya juu ilale na mkutanie sebuleni hadi stima zirudi.

Kuhusu muda, usidanganywe na nambari kubwa za milliampea-saa (mAh) zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani. Kibetri kilichoandikwa 8,800 kina kama wati 32 za saa moja. Ruta inayokula wati 10 itaendeshwa kwa saa tatu kasoro, ukiondoa kinachopotea katika kubadilisha volti, na ukiongeza kisanduku cha faiba chenye wati 5 muda huo unashuka hadi saa mbili hivi. Faiba yenyewe haihitaji umeme wa mtaani ili mwanga upite, mradi vifaa vya kampuni upande wa pili viwe na betri zao.

Na yule kijana wa nyuma, mabati hurudisha mawimbi kama kioo, kwa hiyo kuongeza nguvu ya ruta hakutamsaidia sana. Akisogeza meza yake dirishani upande unaotazama sebule yenu atapata nafuu bila gharama. Akitaka zaidi ya hapo, ni kebo ya nje iliyopitishwa ndani ya paipu ya plastiki, maana jua huipasua ngozi ya kebo ya kawaida na mvua humalizia kazi.

Mama Watatu aliandika:

Amesogeza meza. Anasema sasa ana mistari mitatu. Chaja ya ruta ya sebuleni ni volti 12, ampea 1.5, na kisanduku cha faiba kimo ndani ya ruta hiyo hiyo, kwa hiyo nitatafuta chenye matundu mawili Jumamosi nikienda mjini.